Swichi Zimepata Mwenyewe Mpya

Wadogo zangu, wiki hii barua za wachumba na mawifi zipumzike kidogo. Nimepata barua mbili za mafundi mtandao ambazo zimenikalia kichwani, na nikizisoma pamoja naona moja inaijibu nyingine bila wenyewe kujuana.

Ya kwanza ni ya kijana wa Morogoro, fundi wa TEHAMA kwenye chuo. Anasema swichi walizonunua miaka iliyopita zina nembo ya kampuni moja, ankara ya mkataba wa msaada inatoka kampuni ya pili, na programu aliyoipakua juzi ina jina la tatu. Mkuu wake amemwita ofisini na kumuuliza kama chuo kiliuziwa mbuzi kwenye gunia. Ya pili imetoka kwa binti wa Mombasa aliyemaliza diploma. Ana hela ya mtihani mmoja tu wa cheti, na anataka nimtajie kampuni ya vifaa vya mtandao ambayo haitanunuliwa, asije akasomea jina litakalofutwa.

Haipo, mdogo wangu. Na isiyonunuliwa, inanunua.

Chukua Cisco, ambayo kila mtu anaidhania ilizaliwa hivyo ilivyo. Leonard Bosack na Sandy Lerner waliianzisha mwaka 1984 wakitokea Chuo Kikuu cha Stanford, na kazi yao ilikuwa ruta. Swichi hawakuwa nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wateja wakubwa, Boeing mmoja wao, walianza kusema wazi kwamba wanataka swichi, na kama Cisco haina watamtafuta aliye nazo. Mwaka 1993 Cisco ikainunua Crescendo Communications, kampuni changa, kwa karibu dola milioni 95. Swichi za Catalyst ambazo nusu yenu mmezifungulia skrubu zinatoka kwenye ukoo huo. Tangu siku ile Cisco imenunua kampuni zaidi ya 200. Meraki, inayowaachia wengi wenu kuendesha Wi-Fi kwa kivinjari, ilinunuliwa 2012 kwa dola bilioni 1.2.

Mnaniuliza kwa nini wasitengeneze wenyewe, na wahandisi wanao. Sababu kubwa ni muda. Kubuni swichi mpya, kuiandikia programu yake na kuiaminisha kwa wateja ni kazi ya miaka, na soko halisubiri. Sababu ya pili ni wateja: ukinunua kampuni umenunua pia orodha ya hospitali, vyuo na benki zenye vifaa vyake ukutani, ambazo mwakani zitataka msaada na miaka mitano ijayo zitataka vifaa vipya. Ya tatu ni watu wenyewe, na hao ndio mali isiyoshikika. Mwaka 1996 Cisco ilinunua Granite Systems kwa dola milioni 220 na kumpata Andy Bechtolsheim pamoja na profesa David Cheriton. Wawili hao wakaja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Arista, iliyoanza mwaka 2004 na sasa inainyima Cisco usingizi kwenye vituo vikubwa vya data. Hela ilinunua kampuni. Vichwa viliondoka kwa miguu yao.

Na si kila ununuzi una akili. Linksys ilinunuliwa na Cisco mwaka 2003 kwa takriban dola milioni 500 ili waingie majumbani kwa watu. Miaka kumi baadaye wakaiuza kwa Belkin. Biashara ya mashirika na biashara ya sebuleni hazina muuzaji mmoja, hazina faida moja, na nadhani hilo lingeonekana hata kabla ya kusaini.

Sasa kijana wa Morogoro, nikupe ukoo mmoja mzima uone kwamba ya chuoni kwako si ajabu. Mwaka 1994 kampuni mbili za Marekani, SynOptics ya California na Wellfleet ya Massachusetts, ziliungana zikaitwa Bay Networks. Mwaka 1998 Nortel ya Kanada ikainunua Bay kwa dola bilioni 9.1. Januari 2009 Nortel ikaenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai, ikaanza kuuzwa vipande vipande. Avaya ikachukua kitengo chake cha mashirika, simu na mitandao kwa pamoja, kwa dola milioni 900. Januari 2017 Avaya nayo ikaingia mahakamani kwa madeni. Julai mwaka huohuo kitengo chake cha mitandao kikanunuliwa na Extreme Networks kwa dola milioni 100.

Bilioni 9.1, milioni 900, milioni 100. Najua si kitu kilekile hasa kilichouzwa mara tatu. Vingine viliongezwa njiani, vingine viliachwa. Lakini ukitazama namba hizo utasema kilichomfikia mnunuzi wa mwisho ni mabaki. Mimi nasema yeye ndiye aliyepata bei ya kuchekelea, maana ndani ya mabaki hayo kulikuwa na teknolojia ambayo wahandisi wa Nortel walikuwa wameanza kuifanyia kazi, Avaya ikaikuza, na Extreme inaendelea kuiuza hadi leo. Ndiyo hiyo fabriki mnayoiona kwenye vipeperushi, na hapa tukae kidogo.

Mnaujua mtandao wa zamani. Ukiunganisha swichi mbili kwa kebo mbili, ili moja ikikatika nyingine ibebe, umetengeneza mzunguko. Fremu ya tangazo ikiingia humo haina kitu cha kuisimamisha. Inazunguka, inazaliana, na kufumba na kufumbua jengo zima limelala. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya DEC, alibuni dawa yake: itifaki ya spaning-tri. Swichi zinamchagua mkubwa wao, kisha zinaifunga kila njia ya ziada mpaka ibaki njia moja tu kati ya sehemu mbili. Mama huyu alitunga hadi shairi la kuieleza, na itifaki yake imebeba mitandao ya dunia kwa miongo. Tatizo ni kwamba kebo ya pili uliyoilipia inakaa bure ikingoja ajali. Isitoshe, kila VLAN mpya lazima uipitishe kwa mkono kwenye kila swichi iliyo njiani. Ile ya kumaliza kazi saa tano usiku ukiwa umesahau swichi moja ya katikati, halafu asubuhi uhasibu hawana mtandao na simu yako inaita kabla hujapiga mswaki, sihitaji kuwasimulia.

Fabriki ya ukoo wa Nortel inafuata kiwango cha IEEE 802.1aq, kilichopitishwa mwaka 2012, wenyewe wanakiita SPB. Humo swichi zinapeana habari kwa itifaki ya IS-IS, kila moja inapata ramani nzima ya mtandao na kukokotoa njia fupi ya kufikia kila nyingine. Hakuna njia inayofungwa kwa hofu; zote zinaweza kutumika. Fremu ya mtumiaji ikifika swichi ya ukingoni, inafungwa ndani ya fremu nyingine yenye anwani ya swichi ya mwisho na namba ya huduma. Ni kama kifurushi cha basi: mpokezi wa Dar anaandika Mwanza na namba ya risiti, na njiani Dodoma, Singida na Shinyanga hakuna anayekifungua kuona ndani kuna nini. Swichi za katikati hazijui habari za wahasibu wala wanafunzi. Kwa hiyo ukitaka huduma mpya unagusa ncha mbili tu, na zile za katikati unaziacha na amani yao. Namba za VLAN zinazotumika ni 4,094. Namba za huduma za SPB ni zaidi ya milioni 16, kwa sababu sehemu yake ina biti 24 badala ya 12.

Hii haikubaki maabara. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi mwaka 2014 iliendeshwa juu ya mtandao wa Avaya wa aina hiyo. Miaka mitatu baadaye mwenye mtandao alikuwa mahakamani, na teknolojia ikahamia kwa mwingine ikiwa nzima.

SPB haiko peke yake. Perlman mwenyewe alikuwa mbele katika kuandaa TRILL, kiwango kingine cha kuistaafisha spaning-tri yake, na Brocade ilijenga swichi zake za vituo vya data kwa msingi huo. Juniper walikuja na QFabric mwaka 2011. Cisco walitoa mtaji kwa kampuni ndogo ya wahandisi wao wa zamani, Insieme, wakaimeza yote mwaka 2013 na kupata ACI, fabriki yao ya vituo vya data; kwa ofisi na vyuo wakaleta SD-Access mwaka 2017. Lakini kinachotumiwa na kampuni nyingi zaidi leo ni VXLAN, iliyoandikwa hadharani kwenye hati ya RFC 7348 ya mwaka 2014 na waandishi kutoka Arista, Cisco, VMware, Broadcom na kwingineko, ikiongozwa na EVPN juu ya BGP. Nayo inafunga fremu ndani ya pakiti na kuipa namba ya biti 24. Wamefika palepale kwa barabara nyingine.

Sasa naomba tuambizane ukweli ambao muuzaji hatakwambia. Kwa kampuni inayokua kwa kununua nyingine, fabriki ni zaidi ya ufundi. Ndiyo inayowapa wateja wa koo tofauti sababu ya kukaa nyumba moja, na ndiyo inayowafanya wasitoke. Swichi za ukingoni na za katikati zikishazoea lugha moja, ukitaka kuongeza jengo utanunua kwa yuleyule. SPB ni kiwango cha wazi, ndiyo, lakini nenda sokoni uone ni wangapi wanakiuza kwa ofisi na vyuo: Extreme, Alcatel-Lucent Enterprise, na baada ya hapo utaanza kukuna kichwa. VXLAN ina wauzaji wengi zaidi, ila mitambo ya kuiendesha kwa kubofya kitufe kimoja mara nyingi inamjua mwenyewe tu. Mkikaa na mwakilishi wa mauzo, swali hilo liulizeni kabla ya chai.

Extreme ni mfano mzuri wa kampuni iliyojengwa kwa vipande. Ilianzishwa 1996 na ilikuwa na programu yake, EXOS, na vifaa vya rangi ya zambarau. Mwaka 2013 ikanunua Enterasys kwa dola milioni 180. Hiyo nayo ilitokana na Cabletron ya New Hampshire, ambayo mwanzilishi wake mmoja, Craig Benson, alikuja kuwa gavana wa jimbo hilo. Mwaka 2016 Extreme ikachukua Wi-Fi ya Zebra, ambayo Zebra ilikuwa imeipata kutoka Motorola, na Motorola iliipata kwa kuinunua Symbol, watu wa mashine za kusoma alama za bei madukani. Mwaka 2017 vikafuata kitengo cha mitandao cha Avaya na kile cha vituo vya data cha Brocade. Mwaka 2019 ikanunua Aerohive kwa dola milioni 272, na jukwaa la wingu la Aerohive ndilo likawa ExtremeCloud IQ. Hesabu programu zilizokutana chini ya paa hilo: EXOS, EOS ya Enterasys, WiNG ya Zebra, VOSS ya Avaya, SLX ya Brocade, na ile ya Aerohive. Fundi aliyeajiriwa pale mwaka 2019 namwonea huruma mpaka leo.

Walichofanya baadaye ndicho ninachotaka ukiangalie, wewe wa Morogoro. Upande wa swichi za ofisi na vyuo walitoa chuma kimoja kinachoweza kuwashwa kwa EXOS au VOSS, unachagua mwenyewe, kisha wakazibatiza Switch Engine na Fabric Engine. Hapo kampuni imesema bila kutangaza ni watoto gani itawasomesha. Kwa hiyo usihangaike na nembo ya ukutani. Tafuta jina la programu inayoendesha swichi zako, halafu uangalie kama mwenye mali mpya anatoa vifaa vipya vinavyotumia programu hiyo. Kama anatoa marekebisho ya usalama tu na hakuna kifaa kipya, anza kuweka akiba.

Mkuu wako mjibu kwamba hakuna aliyemtapeli, ila kuna kazi ya kufanya mwezi huu. Andika namba za serial za kila kifaa, uhakikishe zimo kwenye akaunti ya chuo kwa mwenye mali wa sasa. Kampuni zinapohamisha kumbukumbu kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, namba hupotea, na utajua imepotea siku swichi imekufa na mtu wa simu anakwambia hakuoni. Tafuta tarehe mbili, ya mwisho wa kuuzwa na ya mwisho wa msaada. Zinatenganishwa na miaka, na muuzaji mwenye haraka huzichanganya makusudi. Kuhusu leseni, kama umehamishwa kutoka ile ya kununua mara moja kwenda ya kulipia kila mwaka, omba jibu la maandishi: siku chuo kitakapochelewa kulipa, swichi itaendelea kupitisha data na wewe utapoteza dirisha la kuitazamia tu, au kuna kitu kitazimika? Usikubali jibu la mdomo. Anayekujibu leo huenda mwakani yuko kwa mshindani.

Na tafadhali, usinunue swichi za mtumba za ukoo huohuo kwa sababu ni rahisi kabla hujauliza kama msaada unahamia kwa mnunuzi. Najua bajeti. Uliza tu.

Binti wa Mombasa, ulidhani nimekusahau. Kabla ya mtihani wako, tazama hati moja. RFC 6329, ya Aprili 2012, ndiyo inayoeleza jinsi IS-IS inavyoibeba SPB. Ina waandishi watano, na mbele ya majina yao kumeandikwa Alcatel-Lucent, Huawei, Ericsson, Ciena na Avaya. Kampuni tano tofauti, na wengi wa waandishi hao walikuwa Nortel kabla. Nortel ilikuwa imeshapigwa mnada, na wao bado walikuwa wanaandika kurasa za kitabu kilekile, kila mmoja akilipwa na tajiri mwingine. Walichokuwa nacho kichwani hakikuwemo kwenye orodha ya mali za mfilisi.

Kwa hiyo mtihani mmoja ulio na hela yake, ufanye ule unaotajwa zaidi kwenye matangazo ya kazi ya hapo ulipo. Fungua matangazo ya Mombasa na Nairobi ya miezi michache iliyopita uhesabu mwenyewe. Ukikuta Cisco imetajwa mara nyingi kuliko wengine, fanya cheti chao cha CCNA bila kuona haya. Hicho ni cha kukufungulia mlango wa usaili. Muda wako wa jioni uupe itifaki zisizo na mwenye duka: IS-IS, BGP, halafu VXLAN na EVPN. Anayeijua IS-IS kweli, ukimpa Fabric Engine leo na kitu cha jina jipya mwaka kesho, atababaika na amri siku mbili tatu, kisha atakaa sawa. Anayejua amri tu ataanza upya kila kampuni inapouzwa.

Huhitaji maabara ya chuo. Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 16 inatosha; GNS3 na FRRouting ni vya bure, na Extreme wenyewe wameweka kwenye GitHub swichi zao za kuigiza, ya EXOS na ya VOSS, kwa watu wa kujifunza. Washa nne, ziunganishe kwa mraba, acha kompyuta mbili ziongee, kisha kata kebo moja huku Wireshark iko wazi. Fanya hivyo kwanza kwa spaning-tri, baadaye kwa fabriki, uandike ulichoona na sekunde zilizopita. Ukienda usaili, peleka karatasi hizo. Mimi nikiwa meza ya upande wa pili ningezisoma kabla ya cheti.

Kuna wengine watatu wameuliza kwa ufupi kama waache kusomea Juniper, kwa kuwa Hewlett Packard Enterprise wameinunua. Biashara hiyo ya takriban dola bilioni 14 ilikamilika Julai 2, 2025. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa imeishtaki Januari ya mwaka huo, ikidai kwamba HPE na Cisco zingeshika zaidi ya asilimia 70 ya soko la Wi-Fi za mashirika nchini humo. Wakapatana: HPE ikubali kuuza biashara yake ya Instant On na kutoa leseni ya sehemu ya programu ya Mist ya Juniper. Hawa nao si wageni wa kununua. HP ilichukua 3Com, kampuni ya Bob Metcalfe aliyekuwa miongoni mwa wabunifu wa Etheneti, mwaka 2010. Aruba ikafuata 2015, na baada ya HPE kujitenga, Silver Peak 2020.

Msiache. Junos, programu ya vifaa vya Juniper, iko kwenye mitandao ya watoa huduma wengi mno kuzimwa kwa barua ya bodi. Pa kutazama ni upande wa Wi-Fi, ambako sasa nyumba moja ina Mist na Aruba Central, majukwaa mawili ya wingu yanayofanya kazi moja. Kama mwajiri wako yuko kwenye mojawapo, mwambie asisaini usajili wa miaka mitano kwa punguzo la kumlainisha. Mitatu inatosha.